Misuli ya Aina Tatu, Amri za Namna Tatu

Mkazi wa Mkuyuni, jijini Mwanza, huijua misuli yake mapema. Nyumba nyingi za jiji hili zimejengwa juu ya vilima vya mawe, na anayepanda na ndoo ya maji kichwani huhisi mapaja yakiwaka kabla hajafika mlangoni. Chini ziwani, wavuvi wa dagaa huvuta nyavu usiku kucha mpaka mikono ikafa ganzi. Kwa sababu hiyo neno “misuli” likitajwa, wengi huifikiria mikono, mapaja na mgongo. Hata hivyo, mtu yuleyule anapopanda kilima, moyo wake nao unadunda kwa kasi, njia za hewa kifuani zimetanuka, na mishipa ya damu ya mapajani imefunguka ili kupitisha damu zaidi. Kazi hizo zote ni za misuli, ingawa hakuziamuru wala hakuzihisi.

Makala haya yanaeleza jinsi aina tatu za tishu za misuli zilivyojengwa na jinsi zinavyokaza. Yameandikwa kwa ajili ya mhudumu wa afya na pia kwa mgonjwa na jamaa zake. Hoja yake kuu ni moja: misuli yote hukaza kwa mtambo wa namna moja, lakini kila aina hupokea amri kwa njia yake. Anayejua amri ya kila msuli ataelewa kwa nini mazoezi huimarisha paja lakini hayarudishi sehemu ya moyo iliyokufa, kwa nini mama anayevuja damu hawezi kuikomesha kwa kujikaza, na kwa nini dawa moja huweza kumtuliza mgonjwa wa sumu huku ikimwacha katika hatari ya kushindwa kupumua.

Mtambo mmoja kwa misuli yote

Ndani ya kila seli ya msuli mna nyuzi za protini za aina mbili: nyuzi nyembamba za aktini na nyuzi nene za miosini. Uzi wa miosini una vichwa vidogo vinavyochomoza ubavuni. Kila kichwa hushika uzi wa aktini, huuvuta, huuachia, kisha hushika tena mbele kidogo. Ni kama wavuvi waliojipanga mtumbwini wakivuta kamba ya nyavu: mkono hushika, huvuta, huachia, na kushika tena. Kamba yenyewe haifupiki, wala mikono haifupiki. Kinachotokea ni kwamba kamba inapita mikononi, na wavu unasogea. Vivyo hivyo, msuli unapokaza, nyuzi zake hupishana bila kubadilika urefu, na seli nzima hufupika.

Maelezo haya yalipata nguvu mwaka 1954, pale Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na kando yao Hugh Huxley na Jean Hanson, walipochapisha katika jarida la Nature ushahidi wa kupishana kwa nyuzi hizo. Makundi hayo mawili yalifanya kazi mbalimbali, na akina Huxley hao wawili hawakuwa ndugu.

Mtambo huu unahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni nishati, ambayo seli huibeba katika molekuli iitwayo ATP. Wengi hudhani nishati hutumika katika kuvuta tu, lakini bila ATP kichwa cha miosini hakiwezi hata kuachia. Mnunuzi wa samaki amewahi kuona ushahidi wake: sangara huwa mlegevu mara tu baada ya kufa, na saa chache baadaye hukakamaa kama ubao. ATP imekwisha, vichwa vya miosini vimeng'ang'ania aktini, na hakuna cha kuviachisha. Baadaye protini zenyewe huanza kuvunjika na samaki hulegea tena. Mwili wa binadamu hupitia hatua hizohizo baada ya kifo.

Kitu cha pili ni kalsiamu. Msuli ukiwa umepumzika, kalsiamu huwa kidogo sana katika maji ya ndani ya seli. Amri ya kukaza inapofika, kalsiamu huongezeka ghafla na vichwa vya miosini huanza kazi. Kalsiamu ikiondolewa, msuli hulegea. Hapa ndipo aina tatu za misuli zinapoachana: nani anatoa amri, kalsiamu inatoka wapi, na inachukua muda gani kuondoka.

Misuli ya mifupa: inayotii hiari

Misuli ya mifupa ndiyo inayotembeza miguu, kuinua mikono, kusimamisha mgongo na kutafuna chakula. Mwili una zaidi ya misuli 600 ya aina hii, na kwa mtu mzima huchukua takriban asilimia 40 ya uzito wake. Seli yake ni ndefu kama uzi, na katika baadhi ya misuli ya paja hufikia sentimita kadhaa. Ndani yake mna viini vingi, kwa kuwa iliundwa na seli nyingi changa zilizoungana. Nyuzi za aktini na miosini zimepangwa kwa safu zilizonyooka, na ndiyo maana chini ya hadubini seli huonekana ina milia. Kila kipande kati ya mpaka mmoja na mwingine huitwa sakomea, na msuli ukiwa umepumzika urefu wake ni takriban maikromita 2.

Amri ya misuli hii hutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo kupitia neva. Pale neva inapokutana na msuli humwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Kemikali hiyo huamsha wimbi la umeme kwenye ngozi ya seli, na wimbi hilo hufungua hazina ya kalsiamu iliyohifadhiwa ndani ya seli yenyewe. Bila neva, msuli huu haukazi. Neva ikikatwa, msuli hupooza, kisha hukonda.

Nyuzi za misuli ya mifupa si za namna moja. Baadhi hukaza polepole, zina damu nyingi na hazichoki upesi. Nyingine hukaza kwa kasi na nguvu lakini huchoka mapema. Kwa samaki wengi tofauti hii huonekana kwa macho: sehemu kubwa ya mnofu ni nyeupe, ya kurukia ghafla, na ukanda mwembamba mwekundu chini ya ngozi ya ubavuni ni wa kuogelea taratibu bila kupumzika. Kwa binadamu nyuzi hizo zimechanganyika katika msuli mmoja, na mazoezi huzijenga kulingana na kazi zinayopewa.

Misuli ya mifupa ina bahati nyingine. Kando ya kila uzi kuna seli za akiba, zilizotambuliwa na Alexander Mauro mwaka 1961, ambazo huamka na kukarabati sehemu iliyoumia. Kwa sababu hiyo mvuvi aliyechanika msuli kidogo begani huweza kupona na kurudi kazini, na mgonjwa aliyekonda kwa kulala kitandani muda mrefu huweza kurejesha nguvu kwa chakula chenye protini na mazoezi ya hatua kwa hatua.

Wahudumu wakumbuke kwamba kiwambo, msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, nacho ni msuli wa mifupa. Tunaweza kubana pumzi kwa hiari, lakini hata usingizini kiwambo husubiri amri ya neva kwa kila pumzi. Ugonjwa au sumu inayokata amri hiyo huua kwa kuzuia kupumua. Pepopunda huonyesha upande wa pili wa hatari hiyo: sumu ya vijidudu vyake huziba breki za neva katika uti wa mgongo, na amri hufululiza bila kukoma. Taya hukaza, mgongo hupinda, na misuli ya kupumua hushindwa kulegea. Chanjo ndiyo kinga yake.

Msuli wa moyo: unaojiamuru

Moyo nao una milia, lakini umejengwa kwa namna tofauti. Seli zake ni fupi, takriban maikromita 100, zina matawi, na kwa kawaida kila moja ina kiini kimoja au viwili. Zimeunganishwa ncha kwa ncha kwa viungio imara vyenye vijia vya kupitisha umeme. Seli moja ikiamka huamsha jirani yake, na kuta za moyo hukaza kwa pamoja kama kitu kimoja.

Moyo hausubiri neva. Kuna kundi la seli katika chemba ya juu ya kulia ambazo huanzisha wimbi la umeme zenyewe. Neva na adrenalini huongeza au hupunguza kasi tu. Mapigo 70 kwa dakika yakihesabiwa kwa siku nzima hupita 100,000, na hakuna hata moja tuliloliamuru.

Kalsiamu ya moyo huanzia nje ya seli. Kiasi kidogo kikiingia, hufungua hazina kubwa ya ndani. Wimbi la umeme la moyo nalo ni refu: hudumu takriban sehemu mbili hadi tatu za kumi za sekunde, wakati lile la msuli wa mkono hudumu elfu chache tu za sekunde. Katika muda huo moyo haupokei amri nyingine. Kwa hiyo mkono unaweza kukaza mfululizo ukiwa umebeba mzigo, ilhali moyo hulazimika kulegea baada ya kila pigo. Faida yake ni kubwa, kwa sababu moyo hujaa damu wakati umelegea.

Eneo letu lina historia ya ugonjwa unaofundisha jambo hili. Mwaka 1948 J. N. P. Davies, aliyekuwa Kampala, ng'ambo ya Ziwa Victoria, alieleza ugonjwa ambao utando wa ndani wa moyo huota kovu gumu. Katika ugonjwa huo msuli unaweza kuwa bado unakaza, lakini kovu linazuia chemba kutanuka na kujaa. Tumbo hujaa maji, miguu huvimba, na mgonjwa huchoka. Vivyo hivyo, shinikizo la juu la damu lisilotibiwa hunenepesha kuta za moyo mpaka zikawa ngumu kulegea. Kuta nene kwa mkono wa mbeba mizigo ni dalili ya nguvu. Kwa moyo wa mgonjwa wa shinikizo la damu ni onyo.

Jambo zito zaidi ni kwamba moyo hauna akiba ya maana ya seli za kukarabati. Seli zinazozaliwa upya kwa mwaka kwa mtu mzima ni chache mno. Mshipa unaolisha moyo ukiziba, seli huanza kufa baada ya takriban dakika 20, na mahali pake huota kovu lisilokaza. Kwa hiyo maumivu ya kubana katikati ya kifua, hasa yakisambaa kwenye mkono wa kushoto, shingo au taya, yakiambatana na jasho jingi, kichefuchefu au kukosa pumzi, yasichukuliwe kuwa “misuli tu” ya kazi ya jana. Kuyachua kwa mafuta na kusubiri asubuhi ni kupoteza msuli usiorudi. Wenye kisukari na wazee huweza kupata dalili hafifu, kama uchovu wa ghafla au pumzi kukatika bila maumivu makali.

Misuli laini: inayofanya kazi kimya

Aina ya tatu huitwa misuli laini kwa sababu haina milia. Seli zake ni nyembamba, zimechongoka pande zote mbili, na kila moja ina kiini kimoja. Nyuzi za aktini na miosini zimekaa kimshazari, zimefungwa kwenye nanga zilizotawanyika, na seli ikikaza hujikunja kama mfuko unaovutwa kamba. Misuli hii imo katika kuta za mishipa ya damu, njia za hewa, utumbo, kibofu cha mkojo, mboni ya jicho na mji wa mimba.

Amri zake ni nyingi: neva zisizo za hiari, homoni, kemikali za jirani, hata kule kuvutwa tu. Kalsiamu hupitia protini nyingine iitwayo kalmodulini, na safari hiyo ni ndefu. Ndiyo maana misuli laini hukaza polepole, lakini huweza kubaki imekaza kwa muda mrefu kwa nishati ndogo. Mshipa wa damu hushikilia shinikizo mchana na usiku bila kuchoka.

Mgonjwa wa pumu hupata adha ya misuli hii inapozunguka njia za hewa na kuzibana. Hawezi kuilegeza kwa kuamua. Salbutamoli ya kuvuta huifikia kupitia vipokezi vya adrenalini na kuilegeza ndani ya dakika chache. Hata hivyo, haiondoi uvimbe wa ndani ya njia hizo. Huo huhitaji dawa ya kuzuia inayotumiwa kila siku kama mganga alivyoelekeza.

Mfano wenye uzito kuliko yote ni mji wa mimba. Kabla ya ujauzito huwa na uzito wa takriban gramu 70. Mimba inapotimia, ukuta wake hukua mpaka kufikia karibu kilo 1. Mtoto akizaliwa na kondo la nyuma likitoka, mishipa mikubwa ya damu hubaki wazi mahali kondo lilipokuwa. Nyuzi za misuli laini zimeizunguka mishipa hiyo kwa kupishana kama ukili, na zikikaza huibana kila upande. Zisipokaza, mama hupoteza damu kwa kasi. Kutokwa damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya uzazi nchini, na mji wa mimba kushindwa kukaza ndiyo chanzo chake kinachoonekana mara nyingi zaidi.

Amri ya msuli huu ni homoni ya oksitosini. Kwa hiyo mkunga humchoma mama uniti 10 ndani ya msuli wa paja mara baada ya mtoto kuzaliwa, akishahakikisha hakuna mtoto mwingine tumboni. Dawa hiyo huharibika kwa joto na hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selisiasi. Jokofu lililozimika kwa siku kadhaa katika zahanati ni tatizo la uhai wa mama, hata kama chupa za dawa bado zinaonekana safi. Damu ikizidi, mhudumu huchua mji wa mimba kupitia tumbo, huhakikisha kibofu kitupu kwa kuwa kibofu kilichojaa huzuia kukaza, humnyonyesha mtoto mapema ili mwili wa mama umwage oksitosini yake, na huita msaada bila kuchelewa.

Kwa mama na familia: hakuna juhudi ya hiari inayoweza kukaza mji wa mimba. Anayekaa mbali na kituo, hasa visiwani ambako usafiri ni wa mtumbwi au kivuko, apange safari kabla ya uchungu kuanza. Na dawa yoyote ya kuongeza uchungu, ya hospitali au ya miti shamba, isitumiwe bila usimamizi, kwa maana mji wa mimba uliolazimishwa kukaza mtoto akiwa bado ndani unaweza kupasuka.

Sumu moja, misuli ya aina tatu

Kanda ya Ziwa ni nchi ya pamba, na viuatilifu vya shambani vimo majumbani mwa wakulima wengi. Baadhi yake, vya jamii ya oganofosfeti, huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini. Kemikali hiyo hulundikana, na misuli ya aina zote tatu huathirika kwa pamoja, kila mmoja kwa namna yake.

Misuli laini hukaza: mboni huwa ndogo kama kichwa cha sindano, kifua hubana, tumbo husokota, mgonjwa huharisha na kujikojolea. Tezi nazo humwaga mate, jasho na makohozi. Moyo mara nyingi hupunguza mapigo. Misuli ya mifupa huchezacheza chini ya ngozi, kisha hulegea na kupooza.

Atropini huzuia asetilikolini kwenye vipokezi vya misuli laini, tezi na moyo. Kifua hukauka, mapigo hupanda, na chumba kizima hupata matumaini. Lakini vipokezi vya misuli ya mifupa ni vya namna nyingine, na atropini haivigusi. Mgonjwa anaweza kuonekana ametengemaa, kisha siku moja hadi nne baadaye kiwambo kikachoka na pumzi ikakata. Kwa hiyo asiruhusiwe mapema. Mhudumu amwombe mara kwa mara anyanyue kichwa kutoka kwenye mto. Akishindwa, udhaifu wa shingo ni onyo kwamba misuli ya kupumua iko njiani kushindwa, na rufaa ianze mara moja kuelekea hospitali yenye mashine ya kupumulia.

Nyumbani, jamaa wamvue nguo zenye dawa, wamwoshe kwa maji na sabuni wakijikinga mikono, wasimtapishe, na waje na chupa au lebo ya dawa hiyo.

Maswali ya kujiuliza

Mgonjwa anaposema msuli unamsumbua, mhudumu aanze na maswali matatu: ni msuli wa aina gani, unapokea amri kutoka wapi, na tatizo ni kushindwa kukaza au kushindwa kulegea? Pepopunda na pumu ni kushindwa kulegea. Mji wa mimba unaovuja damu na kiwambo chenye sumu ni kushindwa kukaza. Moyo unaweza kuwa na yote mawili. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza dawa aliyopewa inaamuru msuli gani, na kwa muda gani, kabla hajatoka mlangoni mwa kituo.